Mtu Mmoja, Nafasi Mbili: Juu ya Kuchagua Vitabu vya Usanifu wa Programu

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kunisoma nikizungumzia bajeti, Katiba na mienendo ya watawala. Leo naomba niuache uwanja huo kidogo, nirudi katika uwanja unaonilisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi ya kompyuta. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinisubiri nje ya ofisi yangu tangu saa mbili asubuhi. "Shikamoo, Daktari," alisema, kisha akanionesha simu yake. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vitabu kumi na vinne kuhusu usanifu wa programu kwa njia ya vitu, vyote kwa Kiingereza, vingi vikiwa na bei ambayo ingemlisha mwezi mzima. Fedha za mkopo za kujikimu, zile wanazoziita bumu, zilikuwa zimeingia jana yake. Swali lake lilikuwa moja tu: anunue kipi kwanza?

Nilimwambia asinunue chochote. Aniletee kwanza programu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe na ambayo anaionea aibu. Aliondoka na uso wa mtu aliyeomba maji akapewa jembe. Jibu langu lilikuwa fupi mno kwa kijana aliyenisubiri saa nzima, nami nina sababu ya kulitoa ambayo sijapata kuieleza hadharani. Naieleza hapa kwa ajili yake, na kwa ajili ya watumishi wa umma wanaosoma maandishi yangu, kwa maana jambo hili linawahusu kuliko wanavyodhani.

Kwa wale ambao hawakupita njia hii, nifafanue kidogo. Programu ya kompyuta inaweza kuandikwa kama mlolongo wa hatua: soma faili, panga majina, piga hesabu, chapa. Inaweza pia kuandikwa kama kijiji cha vitu vinavyotumiana ujumbe, kila kimoja kikitunza siri zake na kuijua kazi yake. Akaunti inajua salio lake. Hati ya malipo inajua ni nani anayepaswa kuiidhinisha. Aina ya kitu huitwa klasi, na klasi moja inaweza kurithi sifa za nyingine kama mtoto anavyorithi kwa mzazi. Njia hii ya pili ndiyo tunayoifundisha, na mara nyingi tunaifundisha vibaya. Ninaposema "tunaifundisha vibaya" simaanishi wenzangu peke yao.

Yapata miaka kumi na mitatu iliyopita, kabla sijamaliza shahada yangu ya uzamivu, mimi na wenzangu wawili tuliombwa kuandika mfumo wa kumbukumbu wa taasisi moja ya elimu ya juu. Sitaitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyechora ramani ya mfumo. Klasi ya juu kabisa niliiita Mtu. Chini yake nikaweka Mwanafunzi na Mfanyakazi, na chini ya Mfanyakazi nikaweka Mwanataaluma na Mwendeshaji. Mchoro ulipendeza kama mti wa ukoo uliochorwa na mzee anayewakumbuka wajukuu wote. Nilikuwa nimeuchora ubaoni mara nyingi mbele ya wanafunzi, kwa sababu ndio uliokuwa katika kitabu nilichofundishwa nacho mimi mwenyewe. Mwanafunzi ni mtu. Mfanyakazi ni mtu. Nani angebisha?

Kila mtu alipewa namba moja na klasi moja. Katika lugha tuliyoitumia, kitu kikishazaliwa ndani ya klasi fulani hakihami mpaka kinapofutwa. Hilo nalo sikulitilia maanani. Tulikabidhi mfumo, tukalipwa, tukapongezwa.

Mwaka wa pili wa matumizi, fundi sanifu mmoja wa maabara, mtu wa makamo aliyekuwa amefanya kazi hapo kwa miaka kumi na tisa, alipata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni papo hapo kazini kwake. Karani wa udahili alipoingiza namba yake, mfumo ulikataa: mtu huyu yupo tayari. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku hiyo. Karani, kwa nia njema kabisa, alifanya kitu pekee ambacho mfumo wangu ulimruhusu kukifanya: aliifuta kumbukumbu ya zamani akaandika mpya. Kwa dakika zisizozidi tano yule bwana akawa mwanafunzi.

Mwisho wa mwezi orodha iliyokwenda kwa mhasibu haikuwa na jina lake. Aliambiwa asubiri, ni hitilafu ndogo. Mwezi wa pili mtoto wake aliugua, na kadi ya bima ya afya ikakataliwa dirishani. Alipokwenda ofisi ya utumishi, aliyekuwa mezani aligeuza kioo cha kompyuta ili naye ajionee: "Mzee, mfumo unasema wewe ni mwanafunzi."

Alinitafuta mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akaniwekea mezani bahasha ya kaki yenye hati zake za mishahara ya miaka mingi, zimepangwa kwa tarehe. Hakuwa na hasira. Alinieleza kwa utaratibu alivyokopa kwa wenzake, alivyomlipia mtoto dawa, na jinsi mkewe alivyoanza kudhani kwamba amefukuzwa kazi na anaficha. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sielewi kompyuta. Ila nimekuwa mfanyakazi na mwanafunzi kwa wakati mmoja na sijaona ugumu wowote. Kwa nini yenyewe inashindwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na cheo, na vitabu rafu nzima nyuma ya kiti changu, lakini jibu sikuwa nalo. Nilichofanya juma lile kilikuwa kiraka: tulimpa namba ya pili. Mshahara ulirudi. Lakini kuanzia hapo aliishi ndani ya mfumo kama watu wawili wasiojuana. Ruhusa yake ya masomo iliandikwa kwa mmoja, matokeo ya mitihani kwa mwingine, na kila alipohitaji barua ya kuthibitisha kwamba mfanyakazi fulani anaendelea vizuri na masomo, ilibidi aandikiwe kwa mkono.

Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu, na hapo nikafanya kosa la pili. Nilikimbilia kitabu mashuhuri kuliko vyote katika fani hii, "Design Patterns" cha mwaka 1994, kilichoandikwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Kina ruwaza 23 za usanifu, yaani masuluhisho yaliyokwisha kujaribiwa kwa matatizo yanayojirudia. Wazo la ruwaza walilitoa kwa Christopher Alexander, msanifu wa majengo, ambaye mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha kitabu cha ruwaza za miji, nyumba na vyumba. Nilikisoma kama mtu anayesoma kamusi ili ajue kuzungumza. Ruwaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya 23. Nilipomaliza nilikuwa nimelewa. Mfumo uliofuata niliouandika ulikuwa na viwanda vya kuzalisha viwanda, wapambaji waliopamba wapambaji, na mwangalizi kila kona. Ulihesabu ada za shule moja ya sekondari. Mwenzangu aliyepewa kuutunza alinipigia simu baada ya miezi mitatu akaniuliza, kwa adabu zote, ni wapi hasa ada inapohesabiwa.

Kitabu hakikuwa na kosa. Nilianzia pasipo na mlango. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba jibu la fundi sanifu wangu lilikuwemo ndani yake tangu mwanzo, katika sura ya kwanza, ile ambayo wengi huiruka ili wazifikie ruwaza. Waandishi wanasihi pale kwamba mtu apendelee kuunganisha vitu kuliko kurithisha klasi. Maneno machache, nami niliyapita kama abiria anayesinzia anavyokipita kituo chake. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi: katika kitabu hiki someni sura mbili za mwanzo, ya pili ikiwa ni mfano mrefu wa usanifu wa programu ya kuhariri hati. Baada ya hapo kifungeni. Hizo ruwaza 23 mtazirudia moja moja siku tatizo lake litakapowabishia hodi.

Kilichonifungua macho hasa hakikuwa hata kitabu, bali makala ya kurasa chache ya David Parnas ya mwaka 1972, kuhusu vigezo vya kuigawa programu katika sehemu. Parnas anachukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, kisha anaigawa kwa namna mbili. Namna ya kwanza inafuata hatua za kazi: sehemu ya kusoma, sehemu ya kupanga, sehemu ya kuchapa. Ndivyo ambavyo karibu kila mtu angefanya. Namna ya pili inauliza swali tofauti: ni maamuzi gani humu ndani yanayoelekea kubadilika? Kila uamuzi wa namna hiyo anaufungia ndani ya sehemu moja na kuwaficha wengine. Halafu anauliza mabadiliko yakija yatagusa sehemu ngapi, na namna ya kwanza inaanguka vibaya. Hazungumzii kurithi, wala hachori mti wa ukoo. Lakini baada ya kuisoma niliurudia mchoro wangu nikajiuliza swali lake: katika maisha ya mtu ndani ya taasisi, kinachobadilika ni nini? Si utu wake. Ni nafasi yake. Leo karani, kesho mwanafunzi, kesho kutwa mjumbe wa bodi, na pengine vyote vitatu Jumatano moja. Nami kile kinachobadilika kuliko vyote ndicho nilichokifanya msingi usiohama.

Kiswahili kilikuwa kimenipa jibu bila malipo, nikakipuuza kwa kuwa nilikuwa nikifikiri kwa Kiingereza cha vitabuni. Tuna "ni" na tuna "ana". Fundi yule hakuwa mwanafunzi kwa namna ileile aliyokuwa mtu. Alikuwa na nafasi ya uanafunzi, iliyoanza tarehe fulani na itakayokwisha tarehe fulani, kama alivyokuwa na nafasi ya ufundi. Mtu ana Nafasi, moja au nyingi, kila moja na tarehe zake. Ndivyo tulivyousanifu upya mfumo ule, na kazi ya kuhamisha kumbukumbu ilituchukua karibu mwaka mzima, bila malipo, kama ilivyostahili. Zile namba mbili tuliziunganisha mwenyewe akiwa ameketi pembeni. Alikuwa amebakiza muhula mmoja ahitimu.

Basi nikiulizwa kuhusu vitabu, sianzi na umaarufu wake. Naangalia kwanza kama mwandishi anaionesha programu ikibadilika. Vitabu vingi vya fani hii huonesha mchoro uliokamilika, safi, kama picha ya arusi. Hakuna anayekuonesha ndoa. Martin Fowler katika "Refactoring" ya mwaka 1999 anafanya kinyume. Sura ya kwanza inaanza na programu ndogo ya duka la kukodisha video, imeandikwa ovyo lakini inafanya kazi, naye anaibadilisha hatua kwa hatua, kila hatua ndogo ikifuatiwa na jaribio la kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Toleo la pili la mwaka 2018 limeacha Java likatumia JavaScript, na duka la video limegeuka kikundi cha maigizo kinachotoza wateja. Mwanafunzi akisoma sura hiyo moja huku anaandika kila mstari kwenye kompyuta yake, atakuwa amefaidi kuliko aliyesoma vitabu vitatu akiwa kitandani.

Kwa anayeanza kabisa, na asiyeogopa lugha ya Ruby, napenda kitabu cha Sandi Metz cha mwaka 2012, "Practical Object-Oriented Design in Ruby". Mfano wake mkuu ni baiskeli. Anaanza na klasi moja, anaingiza urithi pale unapoonekana kufaa, kisha anakuonesha unapoanza kukubana na namna ya kutoka. Hakukejeli. Na kipo "Head First Design Patterns" cha mwaka 2004, chenye picha za kuchekesha kila ukurasa, ambacho kwa miaka mingi nilikidharau kwa kiburi cha kisomi. Sura yake ya kwanza ina bata. Mwandishi wa programu anaamua kwamba bata wote wanaruka, anaiweka tabia hiyo kwenye klasi ya juu, na bata wa mpira wa kuchezea nao wanaanza kuruka. Bata wale wa mpira walikuwa ndugu wa fundi wangu. Ningelikisoma kabla ya kukidharau, mtoto yule angetibiwa kwa kadi yake.

Kitabu cha Bertrand Meyer, "Object-Oriented Software Construction", ni mlima. Toleo la pili la mwaka 1997 lina zaidi ya kurasa 1200, na lugha yake, Eiffel, huenda hutaitumia kazini hata siku moja. Naupanda mlima huo mara moja moja kwa ajili ya wazo moja: kwamba kati ya kitu kinachoomba huduma na kinachoitoa kuna mkataba, mmoja akiahidi kuleta kilicho sahihi na mwingine akiahidi kurudisha kilicho sahihi. Msomaji aliyezoea mijadala yetu ya mikataba ya umma hatahitaji maelezo marefu.

Jambo la pili ninaloliangalia ni ugomvi. Sinunui kitabu kimoja juu ya jambo lenye ubishi. Natafuta viwili vinavyopingana. Robert C. Martin katika "Clean Code" ya mwaka 2008 anahimiza kazi za programu ziwe fupi, halafu ziwe fupi zaidi ya hapo. John Ousterhout katika "A Philosophy of Software Design" ya mwaka 2018 anasema kukatakata huko kukizidi kunaleta vipande vingi visivyo na kina, na kwamba sehemu nzuri ni ile yenye mlango mdogo na ukumbi mkubwa ndani. Nimewapa wanafunzi wa uzamili sura moja ya kila mmoja na programu ileile waipange kwa njia zote mbili. Walibishana hadi mlinzi akaja kufunga jengo. Mimi moyo wangu uko upande wa Ousterhout, lakini sikuwaambia mpaka mwisho, kwa sababu mwalimu akishasema darasa letu huacha kufikiri. Ugonjwa huo hatukuanza kuugua vyuoni, na leo nimeahidi kutozungumzia siasa.

Lipo suala la lugha, na hapa naomba nikawie kidogo. Eric Evans mwaka 2003 aliandika "Domain-Driven Design", kitabu kizito na kirefu kuliko kinavyohitaji, lakini chenye sharti ambalo lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya umma inayonunua mifumo: wanaoandika programu na wanaoijua kazi wazungumze lugha moja, na maneno ya lugha hiyo ndiyo yawe majina ya klasi ndani ya msimbo. Sisi tunafanya kinyume. Karani wa udahili anasema "amehairisha masomo", "amerudia mwaka", "yuko kwenye ruhusa". Mwandishi wa programu anayatafsiri kichwani kwa Kiingereza, anapoteza nusu ya maana, kisha anamrudishia karani kisanduku chenye neno moja la hali: hai au si hai. Kati ya mtu aliyeahirisha masomo na aliyefukuzwa kuna umbali wa maisha mazima, nasi tunauweka katika kisanduku kimoja.

Tena Kiswahili kina somo la ndani zaidi kuliko majina. Mwaka 1994 Barbara Liskov na Jeannette Wing walieleza kwa ukamilifu kanuni ambayo wanafunzi wangu hukariri bila kuielewa: kwamba kitu kinastahili kuitwa cha aina fulani kwa tabia yake, si kwa umbo lake. Nilihangaika miaka mingi kuifundisha, mpaka siku moja nikaandika ubaoni maneno mawili: kiti, kiongozi. Kwa umbo yote ni ya ki-vi, viti, viongozi. Lakini tunasema kiti kimefika, na kiongozi amefika. Hakuna mtoto wa hapa anayesema kiongozi kimefika, labda kwa makusudi ya kumtukana. Umbo amelirithi, tabia hakuirithi, na sentensi inafuata tabia. Kisha nikaandika: rafiki yangu amefika. Neno moja. Linapoulizwa ni la nani, linajibu kama la i-zi. Linapoulizwa limefanya nini, linajibu kama mtu. Kiolesura kimoja kwa huyu, kingine kwa yule, na hakuna aliyechanganyikiwa. Binti mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu muhula uanze aliinua mkono akauliza, "Kwa hiyo Daktari, mtu anaweza kuwa mfanyakazi kwa mhasibu na mwanafunzi kwa msajili, bila kufutwa?" Nilishindwa kuendelea kwa muda, nikajifanya natafuta chaki.

Kwa wasomaji wangu wanaharakati wanaodhani haya ni mambo ya mafundi tu, wamtafute Kristen Nygaard. Yeye na Ole-Johan Dahl, wakiwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo miaka ya 1960, ndio walioasisi njia hii ya vitu kupitia lugha yao ya Simula. Mwanzoni walitaka kuiga shughuli halisi za dunia ndani ya kompyuta. Lakini miaka ya mwanzo ya 1970 Nygaard alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha nchi yake, ili wafanyakazi wazielewe kompyuta zilizokuwa zinaletwa viwandani mwao na wawe na sauti juu yake. Baadaye, kuanzia mwaka 1990, aliongoza vuguvugu la kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na kura ya maoni ya mwaka 1994 ikaamua nchi ibaki nje. Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili walifariki mwaka 2002, wakipishana wiki chache. Kwa Nygaard, kuuliza "kitu hiki ni nini ndani ya mfumo" na kuuliza "mfanyakazi huyu ana sauti gani kazini" hayakuwa maswali yaliyotengana sana. Sijui kwa nini historia hii haimo katika mitaala yetu. Nimeiingiza katika wangu kwa mlango wa nyuma.

Kwa watumishi wa umma ninalo ombi moja. Nimeketi katika kamati kadhaa za kutathmini zabuni za mifumo, na hadidu za rejea huwa zimejaa majina ya teknolojia na idadi ya ripoti zinazotakiwa. Sijaona hata moja iliyomtaka mzabuni aeleze itakuwaje mtu akiwa na nafasi mbili, kituo kikigawanywa, wilaya ikizaa wilaya nyingine, sheria ya makato ikibadilika katikati ya mwaka wa fedha. Haya hutokea kwetu kila mara. Hamhitaji kusoma kitabu hata kimoja cha hivi nilivyovitaja ili kuuliza maswali hayo. Na hamhitaji hata kompyuta: mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walieleza njia ya kutumia kadi za karatasi, kila kadi ikiwa klasi moja, imeandikwa kazi zake na inaoshirikiana nao. Mimi hukata karatasi za manila. Wapeni makarani kadi hizo, mmoja awe Mtu, mwingine awe Nafasi, mwingine Malipo, waigize mwisho wa mwezi. Kwa nusu saa wataonesha mashimo ambayo sisi wenye shahada tutayaona baada ya mishahara kukosekana.

Yule kijana alirudi Ijumaa iliyopita. Aliniletea programu ya kugawa vyumba vya bweni aliyoiandika mwaka wa pili, klasi moja yenye mistari zaidi ya 900 inayoitwa Msimamizi. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Nilimuuliza swali la Parnas: nini kitabadilika? Akafikiri, akasema bei ya chumba. Kisha akasema, la, kinachobadilika zaidi ni nani amelala wapi, kwa maana wanafunzi hubebana. Kubebana ni kumkaribisha chumbani mwenzako asiyepewa chumba, jambo ambalo kila msimamizi wa bweni analijua na hakuna mfumo unaolitambua. Nilimwacha alifikirie hilo.

Nilimwazima nakala yangu ya Fowler, toleo la kwanza, lenye madoa ya chai katika sura ya duka la video. Fedha yake nilimshauri ainunulie betri ya kompyuta, kwa sababu ile aliyonayo ilizimika mara mbili tukiwa katikati ya kazi. Katika daftari langu la vitabu vilivyoazimwa aliandika jina lake na namba ya usajili. Palipoandikwa "kazi" alisita, akaniuliza kama aandike mwanafunzi, kwa kuwa jioni huwa anafanya kazi katika duka la kutengeneza simu. Nilimwambia aandike zote mbili, nafasi inatosha.